Bibi Asimame, Miguu Ionekane

Jambo lote hili limenigharimu laki nne na elfu ishirini, pea sita za viatu na jogoo mmoja mwekundu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili ilitoka laki nne na thelathini, kwa sababu nilikumbuka supu na chapati za dereva wa bodaboda, lakini hizo nimeamua kuzisamehe nisije nikaonekana mchoyo. Zote zimekwenda kwenye picha, na picha zenyewe hazijaniingizia hata hela ya vocha.

Mimi nauza viatu vya mitumba Mwembesongo, hapa Morogoro mjini. Kazi yangu ni kumshawishi mtu mwenye mguu namba arobaini kwamba arobaini na moja ndiyo saizi yake, na mara nyingi anaondoka akiamini. Nalisema hili mapema kwa sababu balaa lilianzia hapo.

Simu niliipata kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anamaliza masomo na kuhama. Ilikuwa na kamera ya maana. Nilimlipa nusu kwa hela, nusu kwa buti za ngozi, na kama nyongeza nikamwomba anionyeshe namna ya kuitumia. Akaniingiza kwenye kundi lake la picha. "Utapenda, kaka," akaniambia. Sikujua kwamba kwenye biashara ile yeye ndiye aliyenipiga bei.

Kundi lina watu wa kila pembe ya nchi, na kila Ijumaa admini anatupa neno moja. Maji. Njia. Kivuli. Ikifika Jumapili jioni kila mtu awe ameweka picha moja ya mazingira au ya safari, aeleze ameipiga wapi. Masharti ni kwamba picha iwe yako na iwe ya wiki hiyohiyo. Watu wanagonga mioyo, na yenye mioyo mingi inaitwa picha ya wiki. Zawadi hakuna. Nilimuuliza admini mara mbili nikidhani kasahau kuitaja. Hakuna. Hata hivyo mimi, mtu mzima mwenye meza yangu na wateja wangu, nikaanza kuamka Ijumaa kabla ya jogoo, kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

Nilijiona nina mtaji ambao wenzangu hawana. Nikikaa kwenye meza yangu naiona milima ya Uluguru katikati ya mabati ya watu, bure, pale yenyewe inapotaka kuonekana. Shida ni kwamba haitaki mara nyingi. Inajifunika mawingu siku mbili, tatu, unabaki unapiga picha ya shuka. Basi asubuhi moja ilipotakata nikafunga meza, nikazunguka mji mzima nikiupiga mlima kutoka kila upande: stendi, relini, darajani, mpaka juu ya ghorofa la jamaa mmoja aliyedhani nimekuja kusoma mita. Nikaziweka akiba, nikawa nazitoa moja moja kila wiki kama mtu mwenye dagaa wa kukausha.

Nikaumbuka katikati ya masika. Wiki ambayo mto ulikuwa unapita na masufuria ya watu, neno likawa "Mto," na mimi nikaweka picha ya mto iliyoonyesha watoto wakicheza mpira mchangani. Admini akaandika: "Ndugu yetu wa Morogoro, huko kwenu mvua ikinyesha mto unakauka?" Wakacheka kutwa nzima. Mmoja wa Mbeya akataka kujua kama huko kwetu mpira unachezwa na samaki. Nikaapa kwamba tangu siku hiyo nitapanda mlimani mwenyewe, na picha itakuwa ya wiki.

Nilivyompata Bibi ni hivyo. Bodaboda ilinipeleka mpaka Mlali, ikapandisha kidogo, dereva akasema njia imemshinda, nikamaliza kwa miguu. Mvua ikanikuta kwenye kitongoji chenye nyumba chache zilizoshikilia mteremko, nikakimbilia kwenye baraza ya kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu," akajibu mwanamke mmoja mzee, mfupi, anachambua maharage bila kuniangalia. "Umechelewa. Nimekungoja miaka yote hii, unakuja umelowa."

Tukawa wachumba tangu hapo. Mimi si ndugu yake wala si mtu wa huku, nyumbani kwetu ni Dodoma, lakini alishanipangia nafasi na sikuwa na sauti. Akanipa ndizi za kuchemsha. Mimi kwenye begi nilikuwa na raba za kijani, kijani kile cha kinyonga aliyekasirika, zilizonikalia mezani muda mrefu. Nikamwachia kwa bei ya kutupa pamoja na ndizi. Mguu wake ni thelathini na saba, raba zilikuwa thelathini na tisa. Nikamwambia zile zikilowa zinajikaza.

"Zinajikaza?"

"Wiki mbili tu, Bibi. Utaniambia."

Hazikujikaza. Zilifunguka kama mdomo, na kila akitoka shamba zilikuwa zimebeba kokoto.

Nikawa napanda kwake karibu kila wikiendi. Nilipiga ukungu, migomba, kabichi zenye umande, njia zinazopanda kama zimetundikwa. Wiki moja neno likawa "Ukingoni." Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hadi kuku walikuwa wanagongana. Bibi akatoka shamba na kikapu, akakitua, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akainama na kuinua mguu kutikisa kokoto kwenye raba. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikapiga.

Nikaiangalia papo hapo. Mgongo umepinda, mkono umeshikilia mlango, ukungu umemzunguka, na kitenge chake cha njano chenye michoro ya feni, alichojitanda mabegani, kinamalizikia kwenye weupe. Kasoro ilikuwa raba. Ule ukijani ulikuwa unapiga kelele kuliko picha nzima. Nikaikata picha kiunoni. Kokoto ikaondoka, mguu ukaondoka, akabaki bibi kizee anayejishikiza mlangoni kwa nguvu zake za mwisho. Chini nikaandika: "Ukingoni mwa safari ndefu. Uluguru."

Watu wakalia. Nasema kweli, mioyo ilimiminika mpaka simu ikawa inapata joto. "Mungu amfanyie wepesi." "Bibi yangu alikuwa hivihivi siku zake za mwisho." Admini mwenyewe akaandika kwamba hatimaye ndugu yetu wa Morogoro amejifunza kuona. Nikawa picha ya wiki. Siku hiyo nilimpunguzia bei mteja bila kuombwa, jambo ambalo majirani wa pale sokoni wanalizungumzia mpaka leo.

Watu wakaihamishia kwenye stetasi zao, na stetasi haina mlango. Siku ya tatu nikapigiwa na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye uliyepiga ile picha ya bibi wa mlimani?"

"Ni mimi, dada."

"Umeipiga lini?"

Nikajua huyu mnunuzi, anataka kuhakikisha mali ni mpya. "Ni ya wiki hii hii, dada. Kubwa ya ukutani na fremu yake ni elfu thelathini. Lakini kwa sauti yako tu, ishirini na tano."

Akasema polepole, "Yule ni mama yangu. Kile kitenge nilimnunulia mimi. Mama yangu anakufa, wewe unaniuzia fremu?"

Nikasema bibi mzima, nilikula naye ndizi. Akasema picha haidanganyi. Alikuwa kwenye kiwanda cha sukari, mbali, anafanya kazi ya zamu. Kwa mama yake mtandao haushiki, na wenzake walikuwa wameshaanza kumpa pole. Jumamosi anakuja na gari, akasema, amchukue mama moja kwa moja akakae naye kwenye nyumba za kiwandani. Na mimi nitakuwa ndani ya gari hilo.

Nilikwenda na jogoo. Sikujua nitamkuta Bibi kwenye hali gani ya moyo, na kwa uzoefu wangu mtu hakutukani vizuri akiwa ameshika kuku. Njia nzima jogoo aliwika kwenye sikio la binti.

"Huyo wa nini?"

"Wa Bibi."

"Wa msiba?"

Nikamfunika jogoo mdomo kwa kiganja. Jogoo hakunyamaza.

Gari lilipofika mwisho wake tukaanza kupanda kwa miguu. Binti alikuwa ameukimbia mlima miaka mingi, na mlima ulimkumbuka. Kila kona alisimama, akashika kiuno. Tulikuwa tumekaa kwenye jiwe akihema tulipomsikia mtu anakuja kwa juu, anateremka upesi, anajisemesha. Alikuwa Bibi, na mzigo wa kuni kichwani.

"He! Mume wangu, umeniletea mke mwenzangu?" Kisha akamtambua mwanawe. "Mama yangu weee! Mbona unahema hivyo, unaumwa?"

Nilitamani kucheka ila nilimwona binti anaangalia ile miguu: raba za kijani, zimeganda tope, zimesimama imara kwenye mteremko.

Nyumbani binti akatoa simu, akamwonyesha picha. Bibi aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaishika mbali tena.

"Huyu nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Miguu yangu iko wapi?"

Mimi nilimshika jogoo vizuri.

"Nilikuwa natoa kokoto!" Akapaza sauti mpaka jirani akatoka. "Njoo uone! Muuza viatu amenikata miguu! Wateja wako watavaa wapi, wewe? Masikioni?"

Nikainua macho kwenye ukuta wa sebule. Pale zilitundikwa picha za familia nilizoziona kila nilipokuja na kuzidharau kimoyomoyo: watu wamesimama wima, mikono ubavuni, hawacheki, wote wameonekana kuanzia utosi mpaka kisigino. Jirani ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya kumwelewesha mtu mzito. Picha ya mtu inakwenda kwa ndugu walioko mbali ili wajue kwamba yupo na amesimama. Ukimkata miguu umewatumia ndugu zake habari mbaya.

Habari mbaya ilikuwa imeshafika, na haikurudi kirahisi. Binti alimwona mama yake mzima, ndiyo, lakini hofu ilishamwingia. Akasema leo kuni, kesho je? Bibi akasema haendi popote. Shamba lile alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Huko kwao ardhi inafuata upande wa kike, na upande mwingine wa ukoo ulikuwa unautazama ule mteremko kwa hamu. Nyumba ikikaa bila moshi msimu mmoja tu, watakuja kulima, na hakuna wa kuwaambia waondoke. "Nikienda kukaa kwako kwenye kile chumba," akasema, "nitarudi kuwa mgeni kwenye jiko langu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho binti akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyeanza. Kila Jumapili unanitumia picha ya mama. Amesimama. Hajashika kitu. Na miguu ionekane. Jumapili nisipoiona, Jumatatu nipo Mlali na gari."

"Dada, tufanye kila baada ya wiki mbili."

"Kila Jumapili."

"Basi mvua kubwa tunaruka."

"Gari lina taa," akasema, "hata mvua kubwa linakuja."

Nikamgeukia Bibi anitetee. "Na asinipige kwa nyuma," Bibi akaongezea, "kama mwizi anayekimbia." Jogoo akabaki pale. Nilifikiri nimemtoa kama radhi. Bibi alimpokea kama malipo ya awali.

Ndipo nikawa na changamoto mbili kila wiki. Kwa akili ya biashara nikaona niziunganishe, safari moja, picha moja, wateja wawili. Neno likawa "Upeo," nikaweka Bibi amesimama wima mbele ya mlango. Neno likawa "Upepo," nikaweka Bibi amesimama wima, kitenge kimepeperuka kidogo pembeni. Kundi likaanza kunong'ona. "Ndugu, umepatwa na nini? Zamani zilikuwa picha, sasa ni za kitambulisho." Yule wa Mbeya akauliza kama bibi anagombea udiwani. Mioyo ikashuka mpaka nikawa najigongea mwenyewe. Upande wa pili, kila Jumapili binti alijibu neno moja, "Asante," na kila nikilisoma nilivimba kichwa. Sikulielewa hilo na bado silielewi, kwa sababu neno lile haliuziki.

Mvua za vuli zilipoanza, bodaboda wakapandisha nauli, na zile njia zikawa sabuni. Hapo ndipo kipaji changu kikaamka. Kwa nini nipande kila wiki kwa picha ambayo ni ileile? Nikamwomba Bibi avae nguo moja, apige picha, abadilishe, apige tena. Alilielewa kabla sijamaliza sentensi.

"Za akiba!"

"Za akiba, Bibi."

"Mwanangu hatajua?"

"Tunabadilisha na mahali. Moja kwenye migomba, moja kwenye pipa la maji, moja mlangoni."

Akafikiri, kisha akataka raba mpya kwa kila nguo, namba thelathini na saba, alizipima mwenyewe kwa kidole mbele yangu. Pea zangu nyingi zilikokwenda ni huko. Tukapiga tatu mchana mmoja. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna arusi gani. Mimi ambaye nilishaumbuliwa na mto mkavu mbele ya nchi nzima nilishuka mlima nikipiga mluzi, kwa sababu nilikuwa nimeokoa nauli mbili.

Jumapili ya kwanza nilituma ya pipa. "Asante." Jumapili iliyopita mvua ilinyesha kutwa, nikakaa Mwembesongo na kahawa yangu, nikatuma ya migomba. Binti akajibu kwa maneno mengi kuliko siku zote: "Mama amependeza. Naona hata amenenepa. Sasa nalala."

Juzi, Jumatano, nikapanda. Si kwa ajili ya Bibi, nisijisifu. Admini alishadokeza kwamba neno la wiki hii litakuwa "Kimya," nikataka migomba yenye ukungu. Bibi sikumkuta barazani. Nilimkuta ndani, amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda, goti limevimba kama papai na limefungwa majani. Aliteleza Ijumaa, akiteka maji. Jirani ndiye anayempikia. Jumapili ile nilipokuwa natuma migomba, yeye alikuwa amelala hivyohivyo.

"Usiniangalie kama umekuta maiti," akasema. "Ulituma?"

"Nilituma ya migomba."

"Alisemaje?"

Nikamsomea. Akacheka, goti likamkatisha.

Nikamwambia twende zahanati, nitatafuta vijana. Akakataa. Kule mtu asiyeweza kutembea anateremshwa kwa machela, mabegani mwa wanaume wanne, na machela ikipita mteremko mzima unajua kabla haijafika barabarani. "Nikibebwa leo, kesho mwanangu yupo Mlali na gari, na wale wengine wa ukoo kesho kutwa wapo shambani na majembe. Goti hili si la kwanza. Linapita. Imebaki ya mlangoni, siyo?"

"Imebaki ya mlangoni."

"Hiyo nimevaa kile kitenge cha bluu. Hiyo ndiyo nzuri. Ukiituma hiyo, hata habari za machela zikimfikia ataona Jumapili nilikuwa nimesimama, basi Jumatatu nakubali machela. Usipoituma, siendi."

Nilijaribu kupatana. Nikasema aende kwanza, nitatuma baadaye. Akasema yeye raba za kujikaza alishanunua mara moja, ya pili hanunui.

Leo Ijumaa. Ile picha ninayo hapa, nimeifungua zaidi ya mara mbili. Bibi mlangoni, bluu, wima, hajashika kitu, raba mpya zimemkaa sawasawa, na nyuma yake mlima umejifunua wote. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, miguu ipo, na si ya wiki hii. Nikiituma, Bibi anapata zahanati na shamba lake, na mwanawe analala usingizi nilioutengeneza mimi. Nisipoituma, nipige simu niseme goti, na hata nikianzia na utani wa ile fremu, gari litakuwa njiani kabla sijamaliza.

Ninyi mliosoma mpaka hapa mnajua watu na mnajua mama zenu. Mniambie nitume au nipige simu, na kama ni kupiga simu, nianze na sentensi gani. Jumapili ikifika saa moja jioni bila picha, binti anapiga mwenyewe, na akipiga yeye kwanza sitakuwa na bei ya kutaja.